Habari za Mji wa Aspen na Shauri la Makao

Mji ni nini? Mtu akiulizwa swali hili huenda akajibu kwamba mji ni nyumba nyingi zilizojengwa mahali pamoja, zenye barabara, maduka, shule na soko. Jibu hilo si baya, lakini halijatimia. Nyumba zaweza kuwa nyingi na nzuri, na usiku usione taa ila katika dirisha moja moja, kwa sababu wenyewe wako mbali. Barabara zaweza kujaa watu mchana, na jua likichwa wote wakaenda kulala kwingine. Mahali kama hapo pana majengo, lakini ni vigumu kusema kama pana mji. Insha hii yaeleza habari za mji mmoja mdogo wa milimani ambao wakaaji wake wamebishana juu ya jambo hilo kwa zaidi ya miaka 50: nani atakaa mjini, katika nyumba gani, na kwa bei gani.

Mji wenyewe ni Aspen, katika jimbo la Colorado, nchi ya Marekani. Umo katika bonde la mto uitwao Roaring Fork, kati ya Milima ya Rocky, kwa kimo cha futi 7,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho chakaribia kile cha Nyahururu. Lakini Nyahururu iko karibu na Ikweta, na Aspen iko mbali sana upande wa kaskazini. Kwa hiyo theluji, ambayo sisi huiona vileleni mwa Mlima Kenya tu, huko huanguka juu ya mapaa ya nyumba na kukaa miezi mingi. Bonde ni jembamba, nayo milima inayolizunguka kwa sehemu kubwa ni mali ya serikali kuu, haiuzwi wala haijengwi. Wakati wa baridi njia ya mashariki, ipandayo mlimani, hufungwa kwa theluji, na mji hubaki na barabara moja kubwa tu, ile inayoteremka upande wa kaskazini-magharibi. Ni vema mwanafunzi ayakumbuke mambo haya mawili, uchache wa ardhi na upweke wa barabara, kwani mengi yatakayofuata chanzo chake ni hayo.

Wenyeji wa kwanza wa nchi ile walikuwa watu wa Ute, ambao waliwinda katika mabonde hayo kwa karne nyingi. Katika kiangazi cha 1879 wachimbaji wa madini walivuka milima kutoka mji wa Leadville wakitafuta fedha, wakapiga kambi katika ardhi ambayo kwa mkataba ilikuwa ya Ute. Kambi yao waliiita Ute City, yaani mji wa Ute. Waliwapa heshima ya jina watu ambao hawakutaka kuwaachia nafasi ya kuishi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, mahali pengine katika jimbo, palitokea ugomvi kati ya watu wa Ute na wakala wa serikali aliyewalazimisha waache ufugaji wa farasi walime mashamba. Wakala na watu wake waliuawa. Gavana wa Colorado, Frederick Pitkin, alikuwa miongoni mwa waliotaka Ute waondolewe. Mwaka 1881 wengi wao walihamishwa kwa nguvu za askari hata jimbo la Utah. Mwaka huo huo iliundwa kaunti mpya katika bonde lile, ikapewa jina la gavana huyo, nayo yaitwa Pitkin mpaka leo. Kambi nayo ilikuwa imekwisha kubadilishwa jina mwaka 1880, ikaitwa Aspen, kwa mti mweupe wa milima ile ambao majani yake hutetemeka kwa upepo mdogo tu.

Basi shauri la nani atakaa Aspen lilianza kabla ya nyumba ya kwanza ya mbao kusimama, na mara ya kwanza liliamuliwa kwa bunduki.

Katika miaka iliyofuata mji ulikua kwa haraka ya ajabu. Reli ya kwanza ilifika mwaka 1887, na ya pili ilifuata mapema mwaka 1888. Hata kabla ya reli, maji ya mito yalitumiwa kuendeshea mitambo ya umeme, na taa zikawaka katika mji ambao miaka michache nyuma ulikuwa mahema. Mwaka 1889 tajiri mmoja, Jerome Wheeler, alimaliza kujenga hoteli kubwa na jumba la muziki na michezo, na majengo hayo mawili yangali yamesimama. Hesabu ya watu ya mwaka 1890 ilionyesha wakaaji zaidi ya 5,000. Wachimbaji walikaa katika nyumba ndogo za mbao karibu na mashimo, na mabaki ya mawe yaliyotolewa ardhini yalirundikwa kando ya mji. Hapakuwa na ubishi mkubwa juu ya makao siku hizo: mahali penye kazi ndipo palipokuwa na nyumba, na mfanyakazi aliweza kusikia king'ora cha shimo akiwa kitandani mwake.

Lakini utajiri ule ulisimama juu ya mguu mmoja. Kwa sheria ya mwaka 1890 serikali ya Marekani ilikuwa ikinunua aunsi milioni 4.5 za fedha kila mwezi. Mwaka 1893, nchi ilipopatwa na msukosuko wa biashara, sheria hiyo ilifutwa. Bei ya fedha ikaanguka na mashimo yakafungwa. Mwaka 1894 wachimbaji wa shimo la Smuggler walitoa pande moja la fedha lenye uzito wa zaidi ya ratili 1,800, lakini bahati hiyo ilikuja wakati fedha yenyewe imekwisha kupoteza thamani yake ya zamani. Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Watu walifunga virago wakaondoka, na hesabu ya mwaka 1930 ilikuta wakaaji 705 tu.

Wale waliobaki waliishi kwa kufuga ng'ombe na kulima viazi. Nyumba nzuri zilisimama tupu, na kwa muda mrefu mtu mwenye pesa kidogo aliweza kujipatia moja kwa kulipa kodi iliyokuwa ikidaiwa juu yake. Maisha yalikuwa ya shida. Hata hivyo, kila taa iliyoonekana usiku ilikuwa taa ya mtu aliyekaa pale, aliyemjua jirani yake na kuzika wafu wake katika ardhi ile.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Wakati wa vita, askari wa Marekani wa kupigana milimani walifundishwa katika kambi iliyokuwa karibu na Leadville, na baadhi yao waliiona Aspen na kuipenda. Mmoja wao alikuwa Friedl Pfeifer, mzaliwa wa Austria, bingwa wa mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Mchezo huu huchezwa kwa kufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba na kuteremka mlima kwa mbio. Mwaka 1945 alifika pia Walter Paepcke, mwenye kiwanda cha makasha huko Chicago, ambaye mkewe, Elizabeth, alikuwa ameuona mji mwaka 1939. Paepcke alitaka pawepo mji ambapo mtu atapumzisha mwili, atasikiliza muziki na kuzungumza na wenye hekima. Alinunua nyumba za kale, akakodi hoteli na jumba la muziki. Mwaka 1946 kampuni ya mchezo wa theluji ikaundwa. Majira ya baridi hiyo vikaanza kutumika viti vinavyoning'inia katika kamba ya chuma vya kuwapandisha wachezaji mlimani, navyo vilisifiwa kuwa safari ndefu ya namna hiyo kupita zote duniani kwa wakati ule. Mwaka 1949 palifanywa mkutano mkubwa wa kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa kwa mshairi Mjerumani Goethe. Aliyealikwa kusema alikuwa Daktari Albert Schweitzer, aliyetoka katika hospitali yake ya Lambaréné, Gabon. Mwaka 1950 mashindano ya dunia ya kuteleza juu ya theluji yakafanyika hapo, mara ya kwanza nje ya Ulaya.

Si wote waliofurahi. Inasimuliwa kwamba Paepcke alijitolea kuwapa wakaaji rangi bure wapake nyumba zao, na baadhi yao wakaikataa, kwa kuwa hawakupenda mgeni awachagulie rangi ya kuta zao wenyewe. Jambo hilo ni dogo, lakini lina maana. Mwenyeji hupenda msaada, ila hapendi kuondolewa katika shauri la nyumba yake. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo ni njema, lakini yataka baada ya mgeni kuja mwenyeji awe angali pale.

Katika miaka ya 1950 na 1960 milima mingine mitatu ya mchezo ilifunguliwa karibu na mji: miwili mwaka 1958, na wa tatu, Snowmass, mwaka 1967. Wageni waliongezeka, na pamoja nao wakaja wanunuzi wa ardhi, wajenzi wa hoteli na wauzaji wa nyumba. Vijana wengi nao walihamia wakiipenda milima, wakafanya kazi za kupika, kutandika vitanda na kuendesha mitambo ya viti. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 watu wa Aspen walikuwa wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema kwamba biashara ndiyo iliyoufufua mji uliokufa, na anayeizuia anataka kuurudisha katika siku za viazi. Upande wa pili ulijibu kwamba bonde ni dogo, na mji ukiachwa ujengwe kila mahali, uzuri uliowaleta wageni utatoweka, na wageni nao watakwenda kutafuta uzuri kwingine.

Shindano hilo liliingia katika uchaguzi. Mwaka 1969 wakili kijana, Joe Edwards, alisimama kutaka umeya akashindwa kwa kura chache sana. Mwaka 1970 mwandishi Hunter S. Thompson alisimama kutaka cheo cha sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Alitaka barabara za mjini zing'olewe lami na kupandwa majani. Kadhalika alitaka mji ubadilishwe jina uitwe Fat City, yaani Mji Mnono, ili walanguzi wa ardhi waone aibu kuuza viwanja kwa jina kama hilo. Watu walicheka, naye akashindwa. Lakini ndani ya mzaha ule palikuwa na neno la kweli, kwamba jina zuri la mji lilikuwa limegeuzwa bidhaa. Katikati ya miaka ya 1970 baadhi ya barabara za katikati ya mji zilifungwa kweli kwa magari, zikawekwa matofali, miti na viti vya kupumzikia. Hivyo maneno ya mtu aliyechekwa hayakupotea yote.

Hofu ya maendeleo yasiyo na kipimo haikuwa ya Aspen peke yake. Jiji la Denver, makao makuu ya Colorado, lilikuwa limepewa heshima ya kuandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1976. Tarehe 7 Novemba 1972 wananchi wa jimbo waliulizwa kwa kura kama fedha za umma zitumike kwa michezo hiyo, nao wakakataa kwa kura nyingi. Michezo ikahamishiwa Innsbruck, Austria. Ni nadra sana katika historia watu kupewa zawadi kubwa kama hiyo na kuirudisha. Siku hiyo hiyo ya Novemba, Joe Edwards, yule aliyeshindwa umeya, alichaguliwa pamoja na mwenzake kuingia katika baraza la kaunti ya Pitkin.

Sasa waliotaka mji uzuiliwe walikuwa na mamlaka mikononi. Mwaka 1974 baraza la kaunti lilipunguza sana idadi ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa katika mashamba ya nje ya mji. Mwaka 1977 ukatungwa mpango wa kuongoza ukuaji, uliosema kwamba kila mwaka majengo mapya yasipite kadiri fulani, na wenye kutaka kujenga washindane kwa ubora wa mipango yao. Mabonde yakaokoka. Hata leo msafiri anayekaribia Aspen huona malisho na miti mahali ambapo pengine pangekuwa na safu za hoteli. Hilo ni tunda la sheria zile, na si haki kulisahau.

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Kitu kikitakiwa na wengi na kisiongezeke, bei yake hupanda. Nyumba mpya zilikuwa chache, na matajiri wa Marekani yote, na baadaye wa dunia, walizitaka. Nyumba ya mchimbaji iliyoweza kupatikana zamani kwa kulipa kodi tu ikawa mali ya thamani kubwa mno. Mwalimu, mwuguzi, zima moto, mpishi na fundi wa mabomba wakaona kwamba mishahara yao haiwezi kununua hata chumba. Wengi wao walikuwa wamepiga kura kuulinda mlima, na sasa ulinzi ule ule uliwasukuma nje. Mlango waliousaidia kuufunga ili wageni wasizidi, wao wenyewe walijikuta wamesimama upande wa nje.

Jambo la kusifiwa ni kwamba watu wa Aspen hawakunyamaza. Tangu miaka ya 1970 mji na kaunti zilianza kujenga nyumba za wafanyakazi, na mwaka 1982 zikaunganisha juhudi zao chini ya mamlaka moja ya makao. Mpango wenyewe wafaa kuelezwa, kwa sababu si nyumba za kupanga peke yake. Mfanyakazi huweza kununua nyumba ikawa yake, ila katika hati yake huandikwa masharti. Kwanza, anunuaye lazima akae ndani yake, wala asiifanye nyumba ya wageni. Pili, lazima awe mtu afanyaye kazi katika kaunti ya Pitkin si chini ya saa 1,500 kwa mwaka, ambazo ni sawa na majuma 37 na nusu ya saa 40 kila juma. Tatu, akitaka kuuza, bei hairuhusiwi kupanda kwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Tuseme mtu amenunua nyumba kwa dola 200,000. Baada ya mwaka mmoja hawezi kuiuza kwa zaidi ya dola 206,000, ingawa tajiri aliye jirani angekuwa tayari kutoa mara kumi. Nyumba ikiwa na wanunuzi wengi, atakayeipata huchaguliwa kwa bahati nasibu. Leo nyumba za namna hii, za kununua na za kupanga, zipo karibu 3,000, nao mji wenyewe ulikuwa na watu 7,000 hivi katika hesabu ya mwaka 2020.

Fedha zilitoka wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1980 wapiga kura waliridhia kodi ya asilimia moja juu ya bei ya nyumba inapouzwa mjini, itumike kujengea nyumba za wafanyakazi. Hivyo kila nyumba ya fahari iliyouzwa kwa mgeni tajiri iliacha sehemu ndogo ya bei yake kumsaidia mpishi na mwalimu. Ilikuwa bahati kwamba kodi hiyo ilipitishwa mapema, maana mwaka 1992 katiba ya Colorado ilibadilishwa ikakataza kodi mpya za namna hiyo katika jimbo zima. Miji mingine ya milimani iliyochelewa ilikuta njia imezibwa.

Hata hivyo, ubishi haukuisha. Palikuwa na ubishi juu ya udongo wenyewe. Chini ya mlima wa Smuggler, juu ya mabaki ya mawe ya wachimbaji wa zamani, watu wengi wa kipato cha wastani walikuwa wamejenga makao. Mwaka 1986 serikali kuu ilitangaza kwamba udongo ule una madini ya risasi, ambayo ni sumu, ikataka kuchimbua viwanja na kuusafisha. Wakaaji walipinga. Walisema kwamba kuchimbua kutainua vumbi lenye hatari zaidi, na kwamba serikali haijaonyesha mtoto aliyedhurika. Damu ya watoto ilipopimwa haikuonyesha madhara yaliyoogopwa. Baada ya miaka ya mabishano mpango ulipunguzwa sana, na mwaka 1999 mahali pale pakaondolewa katika orodha ya hatari. Wakaaji wale hawakuwa wanasayansi, lakini walidai waonyeshwe ushahidi, na madai yao yakasikilizwa.

Palikuwa, na pangali, na ubishi juu ya nyumba za wafanyakazi zenyewe. Wako wanaosema kwamba si haki mji kumpa mtu mmoja nyumba ya bei nafuu kwa bahati nasibu na kumwacha mwenzake. Wengine wasema kwamba majengo mapya yanajaza bonde ambalo wazee wao walilipigania libaki wazi. Tena kuna jambo la umri. Mfanyakazi aliyenunua nyumba akiwa kijana amezeeka ndani yake, watoto wameondoka, vyumba vimebaki vitupu, na kijana wa leo angoja nje. Je, mzee huyo aondolewe? Mtu aliyefundisha watoto wa mji au kuzima mioto yake kwa miaka 30 ana haki gani ya kufia nyumbani kwake? Na paa likivuja, nani atalipa, ikiwa bei ya nyumba imezuiwa isimpe mwenyewe faida? Haya si maswali ya wajinga. Kila upande una neno la haki, na ndiyo maana mabaraza ya Aspen hukaa hata usiku mwingi.

Waliokosa nyumba waliteremka bondeni, wakakaa Basalt, Carbondale, hata Glenwood Springs iliyo umbali wa maili 40 hivi, na wengine mbali zaidi. Kila alfajiri magari yao hupanda kwa safu ndefu, na jioni hushuka. Barabara ile moja imekuwa nyembamba kwa watu wanaoitumia, na kwa miongo mingi wakaaji wameulizwa tena na tena kwa kura: ipanuliwe au isipanuliwe? Wanaotaka ipanuliwe husema kwamba mfanyakazi anapoteza uhai wake ndani ya gari. Wanaokataa husema kwamba barabara pana italeta magari mengi zaidi na kuharibu uwanda ulionunuliwa kwa fedha za umma ili ubaki wazi. Katikati ya mabishano hayo mabasi yaliimarishwa, na mwaka 2013 ukaanzishwa utaratibu wa mabasi ya mwendo wa haraka katika bonde zima, wa kwanza wa namna yake katika sehemu za mashambani za Marekani.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, matajiri wengi wa mijini waliona kwamba waweza kufanya kazi zao wakiwa popote, wakaja milimani kununua nyumba. Kufikia mwaka 2022 bei ya kawaida ya nyumba iliyosimama peke yake mjini Aspen ilipita dola milioni 10. Nyumba nyingine zilikodishwa kwa wageni kwa siku chache chache, na hivyo zikatoka katika mikono ya wakaaji. Mwezi wa Desemba 2021 baraza la mji lilisimamisha kwa muda vibali vya ujenzi wa nyumba za kukaa na vya kukodisha kwa wageni, ili sheria zitazamwe upya. Mwezi wa Novemba 2022 wapiga kura wakaridhia kodi mpya juu ya nyumba zinazokodishwa kwa siku chache: asilimia 5 kwa mtu akodishaye nyumba anayokaa mwenyewe, na asilimia 10 kwa aliyeinunua kwa ajili ya biashara. Tazama tofauti hiyo. Sheria haikuuliza tu nyumba ina thamani gani, bali iliuliza kama mwenyewe hulala ndani yake.

Tujifunze nini katika habari hizi? La kwanza ni kwamba hakuna sheria ya ardhi yenye makali upande mmoja tu. Sheria ya kuzuia ujenzi huulinda mlima na kumfukuza maskini. Sheria ya kuruhusu ujenzi humpa maskini nafasi na kuumaliza mlima. Anayeahidi kwamba ana njia isiyo na gharama yoyote, ama hajaiona gharama hiyo, ama amewaachia wengine waibebe. Watu wa Aspen hawakupata njia ya namna hiyo. Walichopata ni desturi ya kukaa pamoja, kubishana, kupiga kura, kuona kosa, na kurudi tena barazani.

La pili ni kwamba kila kizazi kilichofika kilitaka mlango ufungwe nyuma yake. Mchimbaji aliwafungia Ute. Mkaaji wa zamani alimtilia shaka Paepcke. Kijana aliyekuja na Paepcke alimwogopa mjenzi wa hoteli, na aliyepata nyumba mwaka 1985 huenda asipende nyumba nyingine ijengwe mbele ya dirisha lake leo. Kila mmoja ana sababu zake, na sababu nyingine ni njema. Lakini mtu mwadilifu, kabla ya kuufunga mlango, hukumbuka kwamba naye aliingia kwa mlango huo huo.

La tatu ni lile tulilouliza mwanzoni. Waswahili husema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mji wa wageni, wenye vitanda vilivyotandikwa, theluji iliyofagiliwa na mikate ya moto asubuhi, umeundwa na mikono ya watu. Kama mikono hiyo hailali mjini, basi iko siku mji utaita zima moto, naye atakuwa maili 40 mbali. Utatafuta mwalimu, naye atakuwa amepata kazi karibu na kwake. Kwa hiyo wewe msomaji, siku utakapofika katika mji wowote, mkubwa au mdogo, usiyatazame majengo peke yake. Amka mapema usimame kando ya barabara, uwatazame wanaoingia mjini kufanya kazi. Uliza wametoka wapi, wameamka saa ngapi, na kwa nini hawakulala karibu. Majibu yao yatakueleza mengi juu ya mji ule ambayo majengo yake hayawezi kukueleza.